Sponji gani ya siti za Beetle ya 1968? Fundi anataka kuniwekea godoro

Kobe68

Habari zenu wakuu. Nina Volkswagen Beetle ya 1968, bodi tayari, injini tayari, umeme tayari, sasa nimefika kwenye siti na hapa ndo nimekwama. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa hatoi kitu, anaongeza tu juu, kwahiyo nilipofungua nimekuta reksini mbili moja juu ya nyingine, chini yake kipande cha sponji ya godoro kimeshakuwa cha njano na ukikigusa kinasagika, chini ya hicho ndo ile ya kiwandani ambayo hata sio sponji, ni nyuzi za kahawia zimegandishwa na mpira, halafu springi. Springi za abiria ni nzima, za dereva mbili zimekatika upande wa mlangoni, pale unapoburuza makalio ukiwa unashuka.

Fundi wa makochi niliyemuonyesha akasema kazi ndogo hiyo, tunakata godoro la haidensiti inchi nne, tunalaza juu ya springi, tunavalisha kava. Mwingine akaniambia haidensiti itakuwa ngumu nitajuta. Nikaenda dukani wananiuliza nataka densiti ngapi na ugumu ngapi, nikabaki nawatolea macho. Sasa naomba mnisaidie: densiti ngapi, unene gani, na je nitoe springi kabisa niweke sponji tupu kama magari ya sasa? Na hizi lateksi (sponji ya mpira) na memori fomu (ile inayoshika umbo la mwili na kurudi pole pole) zinafaa? Gari sio ya maonyesho, naiendesha, safari ndefu pia, ndo maana sitaki kitu cha kupendeza kwenye picha halafu kiuno kinauma.

Reksini nimeshanunua ila sijakata.

SindanoNdefu

Vizuri hujakata reksini, iache hapo hapo mpaka sponji iishe. Kava inafuata sponji.

Fundi wako hajakosea sana ila amekupa jibu la kochi. Kwanza tulimalize hili la densiti na ugumu maana linawachanganya watu kila siku, hivyo ni vitu viwili tofauti. Densiti ni uzito tu, kipande cha mita moja kwa mita moja kwa mita moja kina kilo ngapi, basi. Ya kilo 40 ina malighafi nyingi kuliko ya kilo 20, na malighafi ikiwa nyingi sponji inachelewa kuchoka, inachelewa kulala. Ugumu unapangwa kiwandani kwa kemikali, ndo maana unakuta sponji ya kilo 45 laini mpaka unazama, na unakuta ya kilo 20 ngumu, ukiikalia dukani unaipenda, af baada ya miezi ina shimo la makalio yako. Kwahiyo aliyekwambia haidensiti lazima iwe ngumu naye kakupoteza. Inategemea.

Ugumu wanaupima hivi, wanachukua kipande cha unene wa inchi 4, wanakibonyeza na sahani ya duara, wanasoma ni nguvu kiasi gani imetumika mpaka kimeshuka robo ya unene wake. Wamarekani wanaiandika kwa pauni, ndo utaona ILD 30, ILD 50 na kadhalika. Kwingine wanaandika nyutoni, na mara nyingi wao wanabonyeza mpaka asilimia 40 ya unene, kwahiyo usikae na kalkuleta unageuza pauni kuwa nyutoni ukadhani umepata sponji ile ile, kina walichobonyeza sio kimoja. Ukiona wameandika namba mbili pamoja, mfano 40/170, ya kwanza ni kilo za densiti, ya pili ni nyutoni za ugumu.

Ningekuwa nakufanyia mimi, mgongo naweka densiti 30 mpaka 35, ILD 25 mpaka 35, mgongo haubebi uzito wako wote hivyo hauna haja ya kuwa mgumu. Makalio densiti isishuke chini ya 40, ikifika 50 ni bora zaidi, ILD 45 mpaka 60. Ukingo wa mbele chini ya mapaja na ule wa mlangoni ndo unakufa kwanza kwenye kila gari ya zamani niliyowahi kufungua, hapo weka kipande kigumu zaidi hata kama sehemu nyingine ni laini. Ile sponji ya rangi rangi iliyotengenezwa na vipande vilivyosagwa na kugandishwa upya inafaa sana hapo, densiti yake inaweza kufika 80, 100 na kuendelea, haikandamiziki kirahisi. Ila siti nzima usiiweke hiyo, utakuwa umekalia ubao.

Ukipata iliyoandikwa HR chukua. Ni ile inayorudi haraka, kipimo chake wanadondosha mpira mdogo wa chuma juu yake wanaangalia umeruka kiasi gani, HR inaurudisha kama asilimia 60 ya kimo ulichodondoshewa au zaidi. Faida yake kubwa kwenye gari ni kwamba mwanzo inakupokea laini, na kadiri unavyozama inazidi kukaza, kwahiyo ukipita shimo hugongi chini. Sponji ya kawaida ukishaizidi imeisha, unakutana na chuma.

Na springi usitoe!! Hizo namba nilizokupa ni za sponji inayobeba mzigo yenyewe, wewe mzigo unabebwa na springi, kwahiyo inchi nne ni nyingi mno. Nitarudi kwenye unene ngoja nimalizie kazi ya mtu hapa.

MzeeKarbureta

Mdogo wangu kabla hujanunua sponji yoyote hebu niambie hizo nyuzi za kahawia zina hali gani, maana naona wote mnazikimbilia kuzitupa. Zile ni nyuzi za makumbi ya nazi na nywele za wanyama, zikapuliziwa mpira wa lateksi zikagandishwa kwa umbo la siti. Volkswagen walitumia, Mercedes walitumia, hata W123 ambayo imetengenezwa mpaka miaka ya 1980 ukiifungua utakuta springi na pedi ya namna hiyo juu. Sio kwamba walikuwa hawaijui sponji. Ile kitu inapitisha hewa vizuri, hailoi ikakaa na maji, na inafanya kazi moja ambayo sponji haiwezi kuifanya vizuri, inagawa uzito wako kwenye springi nyingi kwa mpigo. Ukilaza sponji laini moja kwa moja juu ya springi kila koili inaingia kivyake, unaisikia moja moja kwenye nyama, na usipoisikia basi inaikata sponji taratibu kutoka chini bila wewe kujua, siku unafungua unakuta mashimo ya duara yamejipanga.

Pedi mpya za aina hiyo zinatengenezwa mpaka leo kwa magari kama lako, zinakuja na umbo lake tayari hukati chochote. Kama zinapatikana nunua hizo, juu weka tabaka jembamba la pamba au poliesta, valisha, umemaliza. Hapo gari inakaa kama ilivyokaa ilipotoka kiwandani, kimo kile kile, macho yako yanaangalia pale walipotaka uangalie. Sponji zenu hizi za poliyurethani Otto Bayer alianza nazo 1937, sponji laini yenyewe ikaja kuingia sokoni miaka ya 1950, kwahiyo magari mengi ya zamani siti zake hazikupigiwa hesabu ya sponji tangu mwanzo. Ukishazibadilisha ndo unaanza kuuliza mbona usukani umekuwa chini.

Halafu vaa barakoa unapovunja hizo za zamani. Vumbi lake baya, lina miaka ya jasho la watu humo, na ukikuta vinyesi vya panya usishangae wanazipenda sana.

Turbo_ya_Jana

Nyie mnazunguka sana, memori fomu ndo mambo yote. Mimi kwenye kiti cha ofisini nimeweka na kiuno kimepona. Densiti yake ni kubwa pia 50 kwenda juu.

SindanoNdefu

@Turbo_ya_Jana kwa ofisini sikatai, ofisini joto halibadilibadiliki. Memori fomu inafuata joto, asubuhi ya baridi ni ngumu kama tofali mpaka uipashe na mwili, jua likiwaka gari limefungwa inalegea unazama mpaka chini. Na inarudi pole pole sana, wakati kwenye gari inatakiwa irudi kabla ya tuta linalofuata. Nimetoa nyingi kwenye siti za watu. Kama mtu anaipenda sana aweke sentimita moja au mbili juu kabisa, chini iwepo HR, hapo haina madhara.

Sasa kwenye unene. Mzee ameeleza vizuri hapo juu na kwa pedi za makumbi namuunga mkono, zikipatikana. Zisipopatikana, au za kwako zikiwa zimeoza, unatengeneza tabaka hivi kutoka chini kwenda juu. Springi zikishakarabatiwa unalaza kitambaa cha gunia kizito au turubai, unakishona kwenye waya wa pembeni wa springi kiwe kimekaza vizuri, hicho ndo kinga. Juu yake ile sponji ya vipande, sentimita 2 inatosha, hii ndo inachukua kazi ya ile pedi, kugawa uzito. Juu yake HR sentimita 4 au 5 kwenye makalio. Mgongoni HR sentimita 3 tu, hauhitaji ile ngumu isipokuwa pembeni. Juu kabisa poliesta, ile pamba nyeupe ya mito, ya kuzuia reksini isisuguane na sponji na kujaza mikunjo midogo.

Lakini usininukuu sentimita zangu ukaenda kukata, chukua rula upime ya kwako. Tafuta sehemu ya pedi ya kiwandani ambayo haijalaliwa, mara nyingi nyuma kabisa pale makalio yanapokutana na mgongo au pembeni ya siti ya abiria, unene wa hapo ndo unene wako. Kila kitu unachoweka kikibanwa kidogo na kava kirudi kwenye kimo hicho.

Koili zilizokatika usizichomelee katikati, moto wa kuchomelea unaua ugumu wa chuma cha springi, itapinda au itakatika tena pembeni ya ulipochomea. Toa koili nzima kwenye siti nyingine iliyokufa, ifunge na klipu zake. Zingine zipige brashi ya waya na rangi, kutu ikibaki inakula gunia na sponji.

DadaPaipingi

Naona mafundi wa chini wameongea, ngoja na sisi wa cherehani tuseme.

Kaka Kobe68 ukikata sponji ikate kubwa kuliko kava, sentimita moja hivi kila upande, isiwe sawa sawa. Ikiwa sawa sawa na kava, siku ya kwanza nzuri, ikishalala kidogo tu reksini inaanza kukunjamana na hakuna cherehani ya kuiponya. Kuvalisha itakuwa kazi, wengine wanapaka sabuni, mimi sipendi maji kwenye sponji, kuna njia rahisi zaidi: funika sponji na nailoni nyembamba, chomeka mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi, sponji inanywea yenyewe, vuta kava, zima mashine, inafura na kujaza kila kona. Hakikisha tu nailoni unaichomoa au unaichana baadae, ukiiacha nzima siti itakuwa inapiga kelele na haipumui.

Kupumua sio mchezo kwenye reksini kaka. Reksini haipitishi hewa, ukikaa hewa iliyo ndani ya sponji lazima itokee mahali, ikikosa pa kutokea inapasua mshono, au siti inavimba kama puto halafu inashuka polepole umekaa juu yake. Chini acha wazi na gunia, usizibe na plastiki. Kwa sababu hiyo hiyo zile sponji ngumu zisizonyonya maji, zile za mikeka ya mazoezi, usizitumie kama tabaka kuu, hazipitishi hewa kabisa na zikishalala hazirudi. Kwenye kona na vipande vidogo vya kuchonga umbo sawa.

Na gari za kufungua paa, au ambayo raba za milango zinavuja, sponji ya kawaida ni ya kuangalia sana, inanyonya maji na inakaa nayo siku na siku huku springi zinapata kutu chini. Ipo sponji ya matundu makubwa wanayotumia kwenye siti za boti, maji yanapita moja kwa moja. Kwa Beetle iliyofunikwa raba mpya zinatosha.

Ile mistari ya siti za Beetle usiishonee kwenye sponji nene. Inashonewa kwenye sponji nyembamba, milimita 10 mpaka 12, yenye kitambaa mgongoni ili uzi ushike kwenye kitambaa, uzi ukishika sponji tupu unaichana mistari inafutika. Hiyo milimita 12 nayo ihesabu kwenye unene wako wa jumla, watu huwa wanaisahau kisha wanashangaa siti imepanda.

Gundi: tafuta inayovumilia joto. Ndani ya gari lililofungwa juani joto linaweza kupita nyuzi 60, gundi ya bei ya kutupa inalegea inakuwa utelezi na tabaka zako zinaanza kutembea. Paka pande zote mbili, subiri ikauke mpaka ukigusa haishiki kidole, ndo ugandishe, na ukishagandisha hakuna kurudi nyuma, pima kabla. Usipake kwenye mkunjo kati ya makalio na mgongo wala pale kava inapovutwa na waya, hapo patakuwa pagumu na utapasikia. Na kazi hiyo madirisha wazi.

Kobe68

Shikamoo mzee, asanteni sana wote. Nimefungua tena siti zote nimepima kama mlivyosema.

Pedi za mgongo mbele ni nzima kabisa, nimezipiga vumbi nikiwa na barakoa, nyuzi bado zimeshikana, zikibonyezwa zinarudi. Za makalio upande wa dereva imekwisha, ya abiria imelala katikati lakini pembeni ina karibu sentimita 5. Kwahiyo nafikiria migongo niache pedi za kiwandani niongeze poliesta tu, makalio niweke hiyo ya tabaka aliyosema SindanoNdefu, maana pedi mpya nilizoulizia ni mpaka ziagizwe na kusubiri.

Sasa maswali mawili. Moja, dukani wana sponji wanaita HR lakini hawana karatasi yoyote ya namba, nitajuaje hawanidanganyi? Pili lateksi hamjaisema, kuna jamaa anauza kipande cha lateksi kizuri sana kizito, anasema ndo walikuwa wanaweka kwenye Jaguar na Rover za zamani.

MzeeKarbureta

Marahaba. Kuhusu lateksi huyo jamaa hajakudanganya, Dunlop ndo walianza kuitengeneza 1929 na magari mengi ya Uingereza yalikuja kuwa nayo. Kuikalia ni raha, kuliko hizi zote, inakurudisha vizuri na ina matundu ya hewa. Tatizo lake ni uzee. Jua, joto na mafuta vinaiua, kwanza inakuwa na ngozi ngumu juu, halafu inapasuka, halafu inakuwa unga. Kila aliyefungua siti ya gari hizo anaujua ule unga unavyomwagika kwenye kapeti. Kwahiyo cha kumuuliza ni kimoja, hicho kipande ni kipya au kimetolewa mahali? Kikiwa kimetolewa mahali, kizuri kinavyoonekana leo sio hoja. Kikiwa kipya na una uwezo nacho, weka, ukifunike vizuri jua lisikifikie, usipake grisi wala mafuta karibu.

Migongo umeamua vizuri. Makalio sikubaliani na wewe, mimi ningesubiri pedi zije, gari imekaa tangu 1968 haitakufa kwa kusubiri kidogo. Ila siti ni yako.

SindanoNdefu

Mzee na pedi zake 😄

Kobe68 bila karatasi unaweza kupima mwenyewe, densiti ni hesabu ya shule. Omba kipande cha mraba, sentimita 50 kwa 50 unene 10, hiyo ni mita za ujazo 0.025. Kipime kwenye mizani, gawanya kilo kwa 0.025. Kikiwa na kilo moja ni densiti 40. Kikiwa na gramu 600 ni 24, mwambie akubakizie. Angalizo ni kwamba wapo wanaochanganya unga wa chokaa kwenye mchanganyiko ili sponji ipime nzito, hiyo utaijua ukiivuta kipande kwa vidole, inakatika upesi bila kuvutika, na ukiisugua inaacha vumbi. Nzuri inavutika kwanza kabla ya kukatika.

Ugumu ndo huwezi kuupima nyumbani kwa namba, ila hauhitaji namba, unahitaji makalio. Panga tabaka zote kwenye siti bila gundi, tupia shuka juu, funga siti kwenye gari, kaa. Sio dakika mbili, kaa nusu saa na mikono kwenye usukani na miguu kwenye pedali, maana dukani kila sponji ni tamu, utamu unaisha dakika ya kumi na tano. Angalia kama mapaja yanabanwa mbele, kama unafikisha klachi mpaka mwisho bila kunyanyua makalio, kama kichwa kiko mbali na dari. Ukiwa mgumu toa sentimita moja juu, usibadilishe zote. Ukisikia chuma ongeza chini, usiongeze juu. Hapo ndo watu wengi wanakosea, wanasikia springi wanaongeza laini juu, laini inazidi kuzama na springi bado ipo pale pale.

Kukata tumia kisu cha umeme cha kukatia mkate, kama huna basi msumeno wa chuma blade ndefu uishike mkononi bila fremu, usisukume. Kona za mviringo zichonge na mashine ya msasa, karatasi namba ndogo ya kukwaruza, taratibu.

DadaPaipingi

Naongezea kuhusu moto kwa sababu hakuna aliyegusa. Uliza kama sponji ni ya gari au imetiwa dawa ya kuchelewesha moto. Marekani wana sheria yao FMVSS 302 tangu 1972, vitu vya ndani ya gari moto usitembee zaidi ya milimita 102 kwa dakika. Sponji ya kawaida bila dawa inaweza kuwaka haraka sana na moshi wake ni sumu. Kwa Beetle nalisema kwa mkazo kwa sababu nadhani unajua betri iko wapi.

Kobe68

Betri iko chini ya siti ya nyuma. Kwani ina uhusiano gani na sponji dada? Siti ya nyuma nilitaka niifanye mwisho, springi zake zinaonekana ziko sawa ila zimelegea kidogo.

MzeeKarbureta

Ina uhusiano sana na hilo la kulegea ndo baya. Springi za siti ya nyuma ni chuma, vichwa vya betri viko chini yake, watu wazima wakikaa nyuma springi zikashuka zikagusa vichwa vyote viwili, au kimoja na bodi, zinapata moto hapo hapo, na juu yake kuna gunia, makumbi makavu ya miaka hamsini na sponji. Beetle kadhaa zimeungua hivyo, huo ni ugonjwa unaojulikana wa hizi gari. Kiwandani ilikuja na kifuniko cha betri. Kwako kipo?

Kobe68

Hakipo mzee. Kuna kipande cha kapeti kimelazwa juu.

MzeeKarbureta

Toa hicho kapeti leo. Vifuniko vya plastiki vinauzwa vipya, ukikosa weka karatasi nene ya raba iliyofungwa imara isitembee, ifunike betri yote na sio vichwa tu. Na hakikisha betri yenyewe sio ndefu kuliko iliyotakiwa, watu wanaweka yoyote iliyopo.

SindanoNdefu

Na kabla ya kushona ya nyuma fanya jaribio hili. Kifuniko kikishakaa, weka madonge mawili matatu ya ule udongo laini wa kuchezea watoto juu yake, yawe marefu mpaka yaguse springi, rudisha siti, kalisha watu wawili wazito upande wa betri waruke ruke kidogo, halafu toa siti upime madonge yamebaki na unene gani. Yakibaki chini ya sentimita mbili springi za nyuma zikazwe au zibadilishwe kwanza. Sponji nene haisaidii hapo, uzito unafika kwenye springi ule ule.